Jeni Zisizotoka kwa Baba wala Mama

Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha baiolojia kidato cha sita katika shule moja jijini Mbeya, binti mmoja aliyekaa upande wa madirisha yanayotazama mlima Loleza aliniuliza swali ambalo vitabu vyetu vya kiada havikuwa vimeniandaa kulijibu. Tulikuwa tumemaliza mada ya urithi, na darasa lote lilikuwa limekubali kwamba protini za mwili hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni, na kwamba jeni hizo nusu tumezipata kwa baba na nusu kwa mama. Akasimama, akasema: "Samahani mwalimu. Kingamwili nazo ni protini. Sasa kikija kirusi kipya, ambacho mababu zetu hawakuwahi kukutana nacho, jeni ya kingamwili ya kukizuia tutakuwa tumeirithi kwa nani?"

Siku ile nilimjibu kwa sentensi mbili, kengele ikalia. Swali lake linastahili zaidi ya hapo, kwa sababu liligusa jambo lililowasumbua wanasayansi wakubwa kwa miongo mingi, na jibu lake ni miongoni mwa mambo ya ajabu mno ninayoyajua kuhusu mwili wa binadamu. Jeni hiyo haturithi kwa mtu yeyote. Seli ya kinga huiandika yenyewe, kwa kukata na kuunga upya DNA yake, yaani ule uzi ulioandikwa jeni kwa herufi za kikemia, na huiandika kabla kirusi hakijaja.

Tuanze na kitu chenyewe. Katika damu, bandama na mitoki yetu zimo seli ndogo ziitwazo limfositi, ambazo kwa sehemu kubwa ni za aina mbili: seli B, zinazotengenezwa katika uboho wa mifupa, na seli T, ambazo asili yake ni uboho huohuo lakini huenda kukomalia katika thaimasi, tezi laini iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, juu kidogo ya moyo. Kila moja ya seli hizi imevaa kwenye utando wake maelfu ya vipokezi, yaani protini zenye ncha inayonasa kitu chenye umbo linalolingana nayo, na kwa kawaida vipokezi vyote vya seli moja ni vya namna moja tu. Kingamwili nayo ni kipokezi cha seli B kilichotolewa nje ya seli na kuachwa kitembee katika damu. Kwa hiyo tunapouliza mwili unawezaje kutambua vijidudu visivyo na idadi, tunauliza kwa kweli unapata wapi vipokezi vya maumbo yasiyo na idadi, ilhali jeni zetu zote zinazotoa maelekezo ya protini ni takriban 20,000, na hizohizo ndizo zinazotakiwa kujenga misuli, kusaga chakula, kubeba oksijeni na kuendesha ubongo.

Mwaka 1940 Linus Pauling, mkemia wa Marekani, alipendekeza kwamba kingamwili ni protini inayojikunja kwa kufuata umbo la kijidudu inapokigusa, kama tonge la ugali linavyofuata umbo la vidole vinavyolifinyanga. Pendekezo hilo lilivutia kwa sababu liliondoa tatizo la hesabu: protini moja ingetosha kwa maumbo yote. Halikusimama, kwani baadaye ilithibitika kwamba umbo la protini huamuliwa na mpangilio wa asidi amino zake, yaani vijenzi vyake vidogo, na mpangilio huo huamuliwa na jeni. Mwaka 1957 Macfarlane Burnet wa Australia aliliangalia jambo hilo kwa upande wa pili. Alisema seli zenye vipokezi mbalimbali zimo mwilini tayari, kila moja na cha kwake, na kijidudu kinapoingia huichagua ile inayokinasa, nayo huanza kugawanyika na kuzaa maelfu ya seli zinazofanana nayo. Burnet alikuwa sahihi, ila usahihi wake ulilifanya swali la binti yule liwe gumu zaidi: kama seli za kila namna zimo tayari, jeni zake zimetoka wapi?

Dokezo lilipatikana mwaka 1965. William Dreyer na Claude Bennett, huko California, walitazama jambo moja lililokuwa likijulikana tayari, kwamba kila mnyororo wa protini ya kingamwili una upande unaobadilika sana kutoka kingamwili moja hadi nyingine, na upande mwingine usiobadilika. Wakasema huenda mnyororo huo mmoja unatokana na jeni mbili zinazokutanishwa. Wakati huo kanuni iliyoaminiwa ilikuwa jeni moja kwa mnyororo mmoja, na wengi hawakulipokea wazo lao. Ushahidi ulikuja mwaka 1976 kutoka mji wa Basel, Uswisi, ambako Mjapani Susumu Tonegawa, akiwa na mwenzake Nobumichi Hozumi, alichukua DNA ya kiinitete cha panya na DNA ya uvimbe wa saratani ya seli za panya zinazotengeneza kingamwili, wakazikata zote kwa vimeng'enya, protini zinazofanya kazi za kikemia, kisha wakalinganisha vipande. Katika kiinitete, upande unaobadilika na upande usiobadilika ulionekana katika vipande tofauti, kwa maana kwamba zilikaa mbalimbali kwenye kromosomu, ule uzi mrefu wa DNA. Katika seli za kingamwili, pande hizo mbili zilikuwa zimekuja kukaa katika kipande kimoja. DNA ilikuwa imekatwa na kuungwa. Kabla ya hapo ilichukuliwa kuwa seli zote za mwili hubeba maandishi yaleyale tangu mimba inapotungwa; sasa ilionekana kwamba kuna seli zinazoyahariri ya kwao. Tonegawa alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1987, peke yake.

Nimejaribu mifano mingi darasani ya kueleza ukataji huo, na uliowakaa wanafunzi ni wa fundi cherehani. Fikiria fundi wa Mwanjelwa aliyepewa jora moja refu la kitambaa. Juu ya jora hilo yamechapwa, moja baada ya jingine, mapambo ya kola yapatayo 40. Yakiisha hayo yanafuata mapambo 23 ya kifua. Kisha mapambo sita ya kiuno. Na mwishoni kabisa kuna kitambaa cha sketi. Kazi yake ni kushona gauni lenye kola moja, kifua kimoja na kiuno kimoja. Huchagua kwa kubahatisha, hukata kila kilichopo katikati na kukitupa, halafu huunga vilivyobaki. Mafundi wote wa soko wamepewa majora yanayofanana kutoka kiwanda kimoja, lakini hakuna aliyeambiwa mwenzake amechagua nini, na jora likishakatwa halirudi kama lilivyokuwa.

Jora hilo liko kwenye kromosomu yetu ya 14. Wataalamu huita vipande vya kola V, vya kifua D, vya kiuno J, na sketi huiita C. Kingamwili ina minyororo miwili mizito inayofanana na miwili myepesi inayofanana; mzito ndio unaotoka kwenye kromosomu ya 14, na mwepesi hutoka ama kwenye kromosomu ya 2 ama ya 22, ambako mpango ni uleule ila vipande vya D havipo. Hesabu yake mtoto wa sekondari anaiweza: 40 mara 23 mara 6 ni minyororo mizito 5,520. Minyororo myepesi inayowezekana, tukijumlisha kromosomu zote mbili, ni kama 320. Kila mzito ukiweza kuungana na kila mwepesi, tunapata kingamwili tofauti karibu milioni 1.8 kutoka kwenye vipande visivyozidi 200. Idadi ya vipande hutofautiana kidogo kati ya mtu na mtu, kwani wako waliorithi kipande fulani mara mbili na wako waliokikosa, lakini ukubwa wa hesabu haubadiliki sana. Seli T hufanya vivyo hivyo kwa majora yake yaliyo kwenye kromosomu ya 7 na ya 14, na mojawapo lina vipande vya J vipatavyo 50.

Milioni 1.8 ni nyingi, lakini bado hazitoshi, na kwa maoni yangu hapa ndipo uzuri wa jambo hili ulipo, ingawa maelezo mengi huishia kwenye kuzidisha. Utofauti mkubwa zaidi hautoki katika uchaguzi wa vipande. Unatoka kwenye mshono.

Mkasi wa fundi huyu ni kimeng'enya chenye sehemu mbili, RAG1 na RAG2, ambazo jeni zake ziko jirani kwenye kromosomu ya 11. Ziligunduliwa katika maabara ya David Baltimore na David Schatz, Marjorie Oettinger na wenzao, matokeo yakachapishwa mwaka 1989 na 1990. RAG haikati ovyo. Pembeni mwa kila kipande cha V, D na J kuna alama ya herufi saba za DNA, kisha nafasi, kisha herufi tisa. Nafasi hiyo ya katikati ina herufi 12 au 23, na RAG huunganisha tu kipande chenye nafasi ya 12 na kipande chenye nafasi ya 23. Katika mnyororo mzito, V zote zina 23, J zote zina 23, na D ina 12 pande zote mbili. Kwa sheria hiyo ndogo, V haiwezi kuungana na J moja kwa moja na kuiruka D. Kola haiwezi kushonwa kiunoni. Tena DNA, ambayo ni kama kamba iliyosokotwa, hukamilisha mzunguko mmoja kila baada ya herufi kumi na nusu hivi, kwa hiyo 12 ni karibu mzunguko mmoja na 23 ni karibu miwili, na alama zote mbili hujikuta zimeelekea upande unaofaa.

RAG ikishakata, ncha za vipande hujikunja na kujifunga zenyewe. Kimeng'enya kingine, Artemis, huzifungua, na mara nyingi hakizifungui palepale zilipofungiwa, hivyo herufi chache huongezeka au kupungua. Kisha huja kimeng'enya kiitwacho TdT, ambacho hufanya jambo ambalo vimeng'enya vya kawaida vya kunakili DNA havifanyi: huongeza herufi bila kunakili kutoka popote. Huchukua iliyo karibu, huiweka. Huchukua nyingine, huiweka. Herufi hizo hazikuwamo kwa baba, hazikuwamo kwa mama, na hazikuwamo kwa babu yeyote wa ukoo. Ni mpya kabisa. Mwishowe ncha huungwa, na sehemu hiyo ya mshono ndiyo hasa inayokuja kukaa katikati ya ncha ya kipokezi, mahali panapogusana na kijidudu. Kwa hiyo mwili umeweka bahati nasibu yake pale ambapo utofauti unahitajika zaidi. Ukihesabu na mishono, makadirio ya vipokezi vinavyowezekana yanavuka matrilioni, mengi kuliko seli za kinga ambazo mtu mmoja anaweza kuwa nazo. Kila mmoja wetu anatembea na sampuli tu.

Hapa ndipo lilipo pia jibu kwa anayeuliza kama mapacha wanaofanana wana kingamwili zilezile. Kulwa na Doto waliotokana na yai moja wana majora yanayofanana, na kweli ukipima utaona wanapenda kutumia vipande vya V vinavyokaribiana. Hata hivyo vipokezi vyao, kwa sehemu kubwa kabisa, si vilevile, kwa kuwa mishono ilifanywa na mafundi tofauti.

Gharama yake ni kubwa. DNA husomwa herufi tatu tatu, na idadi ya herufi zilizoongezwa au kupotea kwenye mshono isipogawanyika kwa tatu, maandishi yote yanayofuata huvurugika. Hilo hutokea kwa takriban mara mbili kati ya tatu. Seli iliyoshindwa hujaribu tena kwa kromosomu ya mzazi wa pili. Ikishindwa tena, hufa. Zinazofaulu hukabiliwa na mtihani mwingine, kwani fundi anayebahatisha atashona pia vipokezi vinavyonasa mwili wenyewe. Katika thaimasi kuna seli ambazo, kwa msaada wa jeni iitwayo AIRE, huonyesha protini za viungo vya mbali, kama insulini ya kongosho, ili seli T changa zipimwe dhidi yake. Inayozinasa kwa nguvu mno huuawa, au huelekezwa kwenye kazi ya kutuliza mapigano. Isiyoweza kugusa chochote nayo hufa kwa kukosa kazi. Zaidi ya asilimia 95 ya seli T changa haziondoki mle zikiwa hai. Seli B zenye kosa la namna hiyo hupewa nafasi ya kukata tena mnyororo mwepesi na kujirekebisha, na zisipofaulu hunyamazishwa au huondolewa. Pale ukaguzi huu unapopitiwa, ndipo yanapopata mwanya magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wake, kama kisukari cha aina ya kwanza.

Kuna kitu ambacho watu wengi hukichanganya na hiki, na ni lazima nikitenganishe. Seli T haioni kijidudu kizima. Huona vipande vidogo vya protini yake vikiwa vimewekwa kwenye kishikio kinachoitwa HLA juu ya utando wa seli; mwaka 1974 Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walionyesha, kwa panya, kwamba seli T haikitambui kirusi bila kishikio cha namna hiyo. Jeni za HLA ziko kwenye kromosomu ya 6, nazo zina utofauti mkubwa sana, zaidi ya aina 30,000 zinajulikana duniani. Lakini utofauti wa HLA ni kati ya mtu na mtu, na hurithiwa kwa njia ya kawaida: ndiyo maana anayehitaji figo huanza kutafuta kwa ndugu wa tumbo moja, ambao kila mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kikamilifu. Utofauti wa vipokezi uko ndani ya mtu mmoja, na haurithiwi. Vyote viwili huitwa utofauti wa kinga, navyo ni vitu viwili.

Mpaka hapa nimeeleza kinachotokea kabla kijidudu hakijaingia. Kwa seli T kazi ya kuandika imekwisha. Kwa seli B inaanza duru ya pili, na kila mama aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki na kadi ya mtoto mkononi ameiona bila kuambiwa. Kwa nini chanjo ya penta hutolewa wiki ya 6, kisha ya 10, kisha ya 14, wakati dawa ni ileile? Jibu limo ndani ya mitoki. Seli B iliyonasa antijeni, yaani kile kitu cha kijidudu au cha chanjo kinacholingana na kipokezi chake, huenda kwenye vituo maalumu ndani ya tezi hizo, na huko huamsha kimeng'enya kiitwacho AID, kilichogunduliwa mwaka 1999 na Tasuku Honjo na wenzake huko Kyoto. AID hubadilisha herufi C ya DNA kuwa U, herufi isiyopaswa kuwamo katika DNA, na mafundi wa seli wanapoirekebisha hukosea kwa namna mbalimbali. Matokeo yake ni kwamba jeni ya kipokezi hubadilika kwa kiasi cha herufi moja kati ya 1,000 hivi kila seli inapogawanyika, kasi iliyo karibu mara milioni moja ya kawaida. Mabadiliko mengi huharibu. Machache huongeza nguvu ya kunasa, na kwa kuwa antijeni ni chache na seli zinazoigombania ni nyingi, zinazonasa vizuri zaidi ndizo zinazoishi. Kila dozi inayofuata hukuta baadhi ya seli zilizokwisha kunolewa na kuzirudisha kwenye kinoo. AID hiyohiyo hubadilisha pia sketi ya gauni, kutoka kingamwili ya kwanza iitwayo IgM kwenda IgG ya damuni au IgA ya mate, kamasi na maziwa ya mama, bila kugusa kola wala mshono.

Kuku wa kienyeji wanaochakura uani wana njia yao, na naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba lengo moja lina barabara nyingi. Katika mnyororo wake mzito kuku ana kipande kimoja tu cha V kinachofanya kazi. Nyuma yake vimepangwa vipande vingi vilivyokufa, na seli hunakili viraka kutoka kwenye vipande hivyo na kuvibandika kwenye kile kizima. Kazi hiyo hufanyika katika kifuko kilicho karibu na tundu la nyuma la ndege, kinachoitwa bursa, na ile herufi B ya seli B ilitokana na jina hilo. Sisi hatuna bursa, lakini jina lilibaki.

Kutoka Uyole barabara hupanda Isyonje, ambako kuna baridi na viazi, kisha hushuka kupita Tukuyu penye migomba na chai hadi Kyela penye mpunga na kakao. Ndani ya safari ya asubuhi moja mtu ameshuka zaidi ya mita 1,000, na ameingia katika nchi ambako malaria imekuwapo kwa wingi kuliko huku juu. Wazee wa Uporoto wanajua kwamba kijana wao akienda Kyela kuvuna mpunga anaweza kuugua vibaya, wakati mwenyeji wa umri wake akipata homa ndogo tu. Tofauti hiyo haimo katika V, D na J walizozaliwa nazo. Kimelea cha malaria kina jeni za var zipatazo 60, na huvaa zao la mojawapo tu kwa wakati mmoja kwenye chembe nyekundu ya damu iliyoambukizwa. Kingamwili ikishaijua sura hiyo, baadhi ya vimelea vimekwisha badilisha vazi. Aliyekulia Kyela ametumia utoto wake kunoa seli dhidi ya mavazi hayo, moja baada ya jingine. Kijana wa Isyonje ana jora na mkasi kama wa mwenzake, lakini seli zake hazijawahi kuchaguliwa.

Malaria ndiyo iliyotuonyesha pia kwamba fundi anaweza kuokota kitambaa kutoka jora lisilo lake. Mwaka 2016 ilichapishwa taarifa ya watu wazima wa Kenya ambao kingamwili zao zilishika aina nyingi za chembe zilizoambukizwa. Zilipochunguzwa, kati ya V na D palikutwa kipande kirefu cha jeni nyingine kabisa, LAIR1, ambayo makazi yake ni kromosomu ya 19. Kilikuwa kimehamia kwenye kromosomu ya 14, kikashonwa katikati ya gauni, kisha kikanolewa na AID mpaka kikanasa kimelea kuliko kinavyonasa kitu chake cha asili.

Lakini seli inayokata DNA yake yenyewe hucheza na wembe. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mzaliwa wa Ireland aliyefanya kazi Kampala, alieleza saratani iliyovimbisha mataya ya watoto. Mwaka 1961, akiwa na wenzake wawili, aliendesha gari maili 10,000 hivi kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali. Aligundua kwamba uvimbe huo hauonekani kwenye nyanda za juu zenye baridi, na kwamba ramani yake inafanana na ramani ya malaria. Kwa wakazi wa milimani kama sisi, ugunduzi huo unatuhusu moja kwa moja. Baadaye kilifahamika kinachotokea ndani ya seli: jeni ya MYC, inayoamuru seli igawanyike, hung'oka kutoka kromosomu ya 8 na kushonwa kwenye kromosomu ya 14, karibu kabisa na jora la mnyororo mzito, mahali ambapo seli B husoma usiku na mchana. Amri ya kugawanyika haizimwi tena. Kirusi cha Epstein-Barr huziweka seli hizo hai, na malaria inayojirudia huzilazimisha kukaa muda mrefu kwenye kinoo, AID ikiwa imewaka.

Upande wa pili ni watoto wachache sana wanaozaliwa na RAG isiyofanya kazi. Hawana seli B wala seli T, na bila kupandikizwa uboho hufa wakiwa wachanga. Njia ya kuwatambua naipenda kwa unyofu wake. Fundi anapokata jora, kipande cha katikati hujiviringisha kuwa pete ndogo ya DNA na kubaki ndani ya seli. Tone la damu la kisigino cha mtoto linatosha kuhesabu pete hizo za seli T. Zisipoonekana, hakuna fundi aliyefanya kazi. Jimbo la Wisconsin, Marekani, lilianza kuwapima watoto wote wachanga kwa njia hiyo mwaka 2008.

Mkasi wenyewe ni wa kale. Inaonekana RAG ilianza kama jeni rukaji, kipande cha DNA chenye tabia ya kujikata na kujipachika pengine, kilichoingia kwa wazazi wa samaki wenye taya kama miaka milioni 500 iliyopita. Mbasa wa Ziwa Nyasa anao, na sisi tunao.

Kimebaki kipande kimoja cha swali la binti yule: je, jeni tuliyojiandikia tunaweza kumrithisha mtoto? Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha habari za wazee waliookoka homa ya mafua ya 1918, iliyozunguka dunia na kupita Tanganyika pia. Miaka 90 baadaye damu yao ilikuwa bado na seli B zenye kipokezi cha kirusi kile. Seli hudumu hivyo, lakini kazi yote hii hufanyika katika uboho, thaimasi na mitoki, na hakuna hata herufi moja yake inayofika kwenye yai au mbegu ya kiume. Mama aliyewahi kuugua surua, au kuchanjwa, humpitishia mtoto IgG zake kupitia kondo la nyuma. Zinamlinda miezi ya mwanzo, zikichakaa moja moja bila kujazwa, na kwa kuwa zikiwapo huizuia chanjo isifanye kazi vizuri, sindano ya kwanza ya surua husubiri miezi tisa. Kilichovuka kondo ni protini iliyokwisha kushonwa. Jeni iliyoiandika imebaki kwa mama. Mtoto alizaliwa na majora mazima, kola 40, vifua 23, viuno sita, na wakati anasubiri miezi tisa ipite, mafundi wake wanaendelea kukata.